Sura ya Sita: Uzi Mzima, Lastiki Imekufa

Mtu aliyezoea kununua nguo za mazoezi za mtumba pale Mchikichini, Dar es Salaam, haanzi kwa kutazama rangi wala jina la kampuni. Anaokota bukta kwenye lundo, anaushika ukanda wa kiunoni kwa mikono miwili, anausogeza karibu na sikio, kisha anauvuta taratibu. Ukanda mzima hauna sauti. Ukanda uliokwisha hulia kama majani makavu yanayokanyagwa, na ukiuachia haurudi ulikotoka. Unabaki umelegea kama mdomo wa kiroba. "Hii lastiki imekufa," atakwambia muuzaji aliye mkweli, na ataitupa pembeni, kwenye fungu la matambara.

Nimesimama mbele ya fungu lile mara nyingi, nikiokota na kugeuza moja moja. Kinachoniuma ni kwamba kitambaa hakina neno. Rangi bado ni ileile ya dukani. Hakuna tundu wala uzi uliochomoka. Ukiushika mguu wa bukta na kuuvuta kwa nguvu zako zote, utachoka wewe kabla haujachanika. Lakini nguo haivaliki, kwa sababu kipande cha lastiki chenye upana wa vidole viwili kimeacha kazi.

Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike katika sura hii. Nguo ya michezo mara chache hufa kwa kitambaa. Huuawa na vile vilivyoshikizwa kwenye kitambaa: lastiki, mshono, zipu, namba ya mgongoni. Pia huuawa na harufu. Kila mazungumzo ya kutunza mazingira kwa njia ya nguo za michezo yanayoanzia kwenye aina mpya ya uzi na kuviruka hivi vitano, yamekosea mlango.

Kitambaa chenyewe ni poliesta. Wazee wetu walikijua kwa jina la tetroni, ile ya mashati meupe ya shule na suruali zilizotunza mstari wa pasi wiki nzima. Tetron lilikuwa jina la biashara la Wajapani. Waingereza waliiita Terylene. Wakemia wawili wa Uingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, ndio walioitengeneza mwaka 1941 wakiwa waajiriwa wa Calico Printers' Association ya Manchester. Ni plastiki ileile ya chupa ya maji. Inayeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 260, inasukumwa kupitia vitundu vyembamba mno, inapoa hewani na kuwa uzi. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani kwa ajili ya nguo na vitambaa ni hiyo.

Poliesta haiozi, nondo haila, na maji haiyanywi. Pamba iliyokaa kwenye hewa ya kawaida hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifikishi hata asilimia moja. Ndiyo maana jezi huanikwa saa tatu asubuhi na saa tano ikawa imekauka, na ndiyo maana mkimbiaji aliyeivaa habebi ndoo ya jasho mgongoni. Lakini sifa ya kutooza ndiyo balaa lake. Jezi iliyofukiwa kwenye dampo la Pugu itamkuta mjukuu wa aliyeitupa. Tumetengeneza kitambaa cha kukaa miaka mingi kuliko sisi, tukakishona kwa vitu vya kukaa misimu miwili.

Chukua lastiki. Mvutiko wa nguo nyingi za kisasa za mazoezi unatokana na spandeksi, uzi uliobuniwa na Joseph Shivers kwenye kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1958. Unavutika mara tano ya urefu wake na zaidi, kisha unarudi. Kwenye taiti moja unaweza kuwa sehemu moja tu kati ya kumi, lakini sehemu hiyo ndiyo inayoifanya taiti iwe taiti. Ni uzi dhaifu kwa maadui wake. Klorini inaukata, ndiyo maana nguo za kuogelea hulegea upesi. Joto linauchosha. Jua kali la mchana, mafuta ya mwili, losheni tunazojipaka kabla ya kutoka, vyote vinautafuna polepole. Ukiona kwenye taiti yako vinywele vyeupe vimechomoza kama manyoya ya kifaranga, hiyo ni spandeksi iliyokatika inatoka nje.

Kwa hiyo jiki ni mwiko kwenye nguo ya mazoezi, hata kama ni nyeupe na imechafuka kwa vumbi. Maji ya moto ni mwiko. Pasi, kama ni lazima, iwe ya uvuguvugu na ipite upande wa ndani. Kuanika ni kivulini penye upepo, nguo ikiwa imegeuzwa. Najua kivuli kinaonekana anasa kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga yenye kamba moja ya watu wote, ila kugeuza tu ndani kuwa nje kunaokoa rangi na chapa.

Harufu nayo ina habari ndefu kidogo, na inastahili. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliwakalisha watu 26 kwenye baiskeli za mazoezi kwa saa moja, wakiwa na fulana za pamba, za nyuzi za plastiki na za mchanganyiko. Fulana zikafungwa kwenye mifuko, na baada ya saa 28 watu waliozoeshwa kunusa wakazipima. Za poliesta zilinuka vibaya zaidi. Bakteria wa kundi la Micrococcus, ambao huvunja mafuta ya jasho na kutoa harufu kali, walikuwa wamestawi juu yake kuliko kwenye pamba.

Sababu inaeleweka ukikumbuka kwamba hiki kitambaa kinakataa maji. Kinachokataa maji hupenda mafuta. Jasho lina maji, chumvi na mafuta ya ngozi. Maji yanaruka hewani, mafuta yanabaki yameng'ang'ania uzi, na bakteria wanakuta meza imeandaliwa. Ukifua kwa maji baridi na povu jingi, ukasuuza haraka, unaondoa chumvi na vumbi, mafuta yanabaki. Nguo inakauka ikinukia sabuni. Unaivaa, mwili unapata joto, na kabla hujamaliza kilomita ya pili harufu ya wiki iliyopita imerudi.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea kwa nia njema. Tunaongeza ile dawa ya kulainisha nguo yenye manukato. Dawa hiyo inafanya kazi kwa kuacha utando wa mafutamafuta juu ya uzi, ndiyo maana taulo huwa laini. Kwenye jezi, utando huo unaziba njia za jasho na kuwafungia bakteria ndani. Kila unavyoitia, ndivyo nguo inavyozidi kunuka, na ndivyo unavyozidi kuitia. Nimeona fulana nzima kabisa zikitupwa kwa sababu hiyo tu.

Dawa yake haina gharama. Usiiache nguo yenye jasho ndani ya begi hadi jioni. Ukifika tu nyumbani, hata kama hufui leo, isuuze na uitundike. Siku ya kufua, igeuze, iloweke nusu saa kwenye maji yenye siki kidogo, uisuuze, kisha uifue kwa sabuni ya kawaida ukisugua makwapa, shingo na mapaja. Suuza mpaka povu liishe, kwa sababu sabuni iliyobaki nayo ni chakula cha bakteria. Basi.

Na ukifua kwa mkono kwenye beseni, usijione umebaki nyuma ya wenye mashine. Nguo za plastiki zinapofuliwa humwaga vipande vya nyuzi visivyoonekana kwa macho, vinavyokwenda na maji machafu hadi mtoni na baharini. Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria mwaka 2016 kwamba mzigo wa kilo 6 za nguo za poliesta kwenye mashine unaweza kutoa vipande karibu laki tano kwa mfuo mmoja. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2023, ulilinganisha mashine na mikono kwa kitambaa kilekile cha poliesta: mashine ilitoa vipande 23,723 kwa wastani, mikono 1,853. Nguo mpya humwaga zaidi mifuo ya mwanzo, halafu hupungua. Maana yake jezi yako ya miaka minne inaichafua bahari kidogo kuliko mpya utakayonunua badala yake, hata kama hiyo mpya ina lebo ya kijani.

Sasa twende kwa fundi.

Nilikuwa na taiti iliyofumuka katikati ya mapaja, pale ambapo nguo za wakimbiaji wote hufumukia. Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayeshonea kibarazani, Magomeni, mwenye cherehani nyeusi ya kukanyaga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo kimekufa nini?"

Akaigeuza taiti, akapitisha kidole kwenye ufa, akaivuta huku na huku. "Kitambaa kizima," akasema. "Uzi ndio umekatika. Nani kakushonea hapa mara ya kwanza?"

Nilikuwa nimeshona mwenyewe, kwa mkono, kwa uzi wa pamba. Akanionyesha kosa bila kunilaumu. Taiti inavutika, mshono ulionyooka hauvutiki. Ukichuchumaa, kitambaa kinakwenda na uzi unabaki, lazima mmoja avunjike. Kiwandani wanatumia ovaloki ya nyuzi nne, ambayo imejikunja kama chemchemi na inaweza kurefuka. Cherehani yake haina mshono huo, haina hata zigizagi. Kwa hiyo anafanya hivi: anaweka uzi wa poliesta juu na chini, anafupisha hatua ya mshono, halafu anakikamata kitambaa mbele na nyuma ya sindano na kukivuta kidogo wakati mguu unakanyaga. Mshono unaingia kitambaa kikiwa kimetanuka. Kikiachiwa, uzi unabaki na ziada ndani yake.

Kabla ya kuanza alibadilisha sindano. Hili sikuwa ninalijua. Sindano ya kawaida ina ncha kali ya kupenya kitenge na kaki, na ikipita kwenye kitambaa cha kufumwa kama cha jezi inakata vitanzi vyake. Baada ya wiki mbili utaona vitundu vimejipanga kandokando ya mshono, na kila kimoja kitafumuka kuelekea chini. Kwa jezi na taiti inatakiwa sindano ya ncha ya mviringo, inayosukuma vitanzi pembeni na kupita katikati yake. Yeye anazo mbili, anazitunza zimechomekwa kwenye kipande cha sponji ili asizichanganye na nyingine.

Alipomaliza, akaingiza vidole gumba vyote viwili kwenye mshono na kuutanua kwa nguvu hadi nikashtuka. Haukulia. "Sasa nenda nayo hata Bagamoyo," akasema.

Siku hiyohiyo nilimpa bukta yenye lastiki iliyokufa. Akaikagua ukanda, akafurahi. Hii ilikuwa na mfereji: kitambaa kimekunjwa na kushonwa, lastiki inapita ndani bila kushikizwa. Akafumua mshono kwa wembe, urefu wa kidole kimoja. Akaikata lastiki ya zamani, akaifunga ncha yake kwa pini na ncha ya mpya, akavuta upande wa pili. Iliyokufa ikatoka, nzima ikaingia nyuma yake, kwa mkupuo mmoja. Akaunganisha, akafunga pale alipofumua. Haikufika robo saa.

Bukta ya pili ilimshinda, au tuseme ilimchukua mchana wote. Lastiki yake ilikuwa imeshonewa moja kwa moja kwenye kitambaa kwa mistari minne ya mshono, kama zinavyotengenezwa nyingi siku hizi. Ili kuitoa, ilibidi afumue mistari yote minne kuzunguka kiuno kizima. Kiwandani mtindo huu unaokoa sekunde chache kwa kila nguo na ukanda haujipindi. Kwa mvaaji unamaanisha kwamba siku lastiki ikifa, gharama ya kuifufua inakaribia bei ya bukta nyingine ya mtumba.

Hapa ndipo ninapowadai watengenezaji. Shati la ofisini huuzwa na kishikizo cha akiba ndani ya pindo, kwa sababu kila mtu anajua kishikizo kitang'oka. Kila mtu anajua pia kwamba lastiki itakufa. Basi bukta iuzwe na mfereji na mwanya wa kuingizia lastiki mpya. Zipu ya trakisuti ishonewe mahali inapoweza kufumuliwa bila kuharibu bitana. Kiraka cha katikati ya mapaja kiwe kipande peke yake, chenye umbo la almasi, ili kibadilishwe kikiisha. Hakuna sayansi mpya inayohitajika. Mzee wa Magomeni angeweza kuichora michoro yote mitatu kwa chaki.

Badala yake, tunauziwa habari za chupa. Katika Kombe la Dunia la 2010, Afrika Kusini, kampuni ya Nike ilizivalisha timu zake, Brazil, Ureno na Uholanzi miongoni mwao, jezi za poliesta iliyotokana na chupa zilizookotwa kwenye madampo ya Japani na Taiwan, hadi chupa nane kwa jezi moja. Uholanzi ilifika nazo fainali, Soccer City, Johannesburg. Lilikuwa jambo la kuheshimika kwa wakati wake, na sioni sababu ya kulibeza. Lakini miaka imepita na bado karibu poliesta yote inayouzwa kama ya kurejelezwa inatoka kwenye chupa, haitoki kwenye nguo kuukuu. Chupa inaweza kuyeyushwa ikawa chupa tena. Ikishafanywa taiti, ikachanganywa na spandeksi, ikatiwa rangi na chapa ya mpira, safari yake kwa kawaida imeishia hapo, maana kuzitenganisha nyuzi hizo ni kazi ngumu na ghali. Ripoti ya Ellen MacArthur Foundation ya mwaka 2017 ilisema chini ya asilimia 1 ya malighafi za nguo hurudi kuwa nguo mpya.

Nguo zilizobaki, baadhi hufungwa belo na kuja kwetu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuusitisha mtumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za Dola kwa kilo hadi Dola 2.50, na mwaka 2018 Marekani ikaziondolea nguo za Rwanda nafuu ya ushuru ya AGOA, mpango wake wa biashara na nchi za Afrika. Nchi nyingine zikarudi nyuma. Ubishi huo una sura yake katika kitabu hiki. Hapa naongeza neno moja tu: belo la nguo za michezo lenye bukta za lastiki iliyokufa si msaada wala si biashara. Ni taka iliyolipiwa nauli.

Ulaya wenyewe wameanza kushtuka. Shirika la WRAP la Uingereza lilikokotoa kwamba nguo ikivaliwa miezi tisa zaidi ya kawaida, madhara yake kwa hewa, maji na taka hupungua kwa asilimia 20 hadi 30. Ufaransa, Novemba 2023, ilianza kumpunguzia mteja kati ya Euro 6 na 25 kwenye malipo ya fundi anaporekebisha nguo au viatu, fedha hizo zikitokana na michango ya watengenezaji. Wenzetu wanatafuta namna ya kumrudisha fundi mtaani. Sisi fundi hajaondoka. Yupo kibarazani, mguu kwenye kanyagio, anasubiri mtu amletee kazi iliyo bora kuliko kupunguza urefu wa suruali.

Nimalizie na wale wenye uamuzi mkubwa kuliko mnunuzi mmoja. Jumamosi alfajiri, kabla magari hayajajaa, barabara za Dar es Salaam ni za vikundi vya jogingi: wanaimba, wanapiga makofi, kila kikundi na fulana zake. Kila bonanza lina fulana mpya, na mgongoni pameandikwa jina la bonanza, mdhamini na mwaka. Mwaka ukigeuka, fulana imekuwa ya zamani hata kama imevaliwa mara mbili. Namba na maandishi mengi ni ya kubandikwa kwa joto, utando wa plastiki juu ya kitambaa, unaopasuka na kubanduka baada ya mifuo kadhaa. Ipo njia nyingine, na wachapaji wengi wa jezi wanayo: wino unachapwa kwanza kwenye karatasi, kisha unakandamizwa kwa joto la karibu nyuzi 200 hadi unageuka mvuke na kuingia ndani ya uzi wa poliesta. Maandishi ya namna hiyo hayabanduki, kwa sababu hayako juu ya kitambaa.

Kwa hiyo ndugu viongozi wa vikundi, walimu wa michezo, makatibu wa timu za mtaa: mkikaa kikao cha kuagiza jezi, mwiteni na fundi mmoja akae nanyi. Andikeni jina la timu, acheni mwaka. Daini wino wa kuingia kwenye uzi. Daini bukta yenye mfereji. Na kabla hamjalipa, chukueni sampuli moja, ivuteni mshono kwa vidole gumba viwili, halafu usogezeni ukanda karibu na sikio.